Barua za Wachina kabla ya karatasi: kisu kilikuwa cha kufutia

Swali: Najifunza kuandika herufi za Kichina kwa brashi. Katika filamu moja nilimwona karani wa kale akichonga herufi kwenye mwanzi kwa kisu. Je, barua ziliandikwa hivyo kabla ya karatasi? Na zilifungwaje ili mchukuzi asizisome?

Jibu: Hapana, hazikuchongwa. Ziliandikwa kwa brashi na wino wa masizi na gundi, kama unavyofanya wewe. Kisu kilikuwepo kweli, lakini kilikuwa cha kufutia: ukikosea, unakwangua pale penye kosa, unaandika upya. Nadhani watu wa filamu huchanganya na mifupa ya ramli ya enzi ya Shang, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, ambayo kweli ilichongwa.

Mwanzi ulipasuliwa vipande vyembamba, kisha ukakaushwa kwa moto hadi utoe maji yake, wadudu wasije wakautoboa. Katika enzi ya Han (206 KK–220 BK) kipande cha kawaida kilikuwa na urefu wa sentimita 23 hivi na upana wa kama sentimita 1, kikatosha safu moja ya herufi kutoka juu hadi chini. Maandishi marefu yalihitaji vipande vingi vilivyofungwa pamoja kwa kamba. Kwenye ngome za jeshi za Juyan, nyika kavu ya kaskazini-magharibi mwa China, walitumia zaidi mbao.

Barua fupi iliingia kwenye ubao mmoja mpana kidogo. Mbili za namna hiyo zilifukuliwa katika kaburi la Shuihudi, mkoani Hubei, mwaka 1975–76. Ni za askari wa dola ya Qin, iliyotangulia Han, Heifu na Jing, waliomwandikia ndugu yao Zhong karibu mwaka 223 KK, wakajaza pande zote mbili. Wanaulizia hali ya mama, halafu wanaingia kwenye shida yenyewe: Heifu anataka nguo na pesa, na kama kitambaa kule nyumbani ni ghali, basi atumiwe pesa tu, nguo atazishonesha huko huko aliko. Mwenye uwezo aliandika kwenye hariri, ambayo ni nyepesi na inakunjika, ila bei yake haikuwa ya askari.

Kuhusu usiri: juu ya ubao wenye maneno uliwekwa ubao wa pili, ambao ndio ulioandikwa jina la mpokeaji. Vyote vilifungwa kamba, fundo likawekwa kwenye kishimo kilichochimbwa juu ya kifuniko, likafunikwa kwa udongo laini na kupigwa muhuri. Asiyevunja udongo au kukata kamba hakuweza kusoma.

Ukitaka kujaribu, tumia brashi yenye ncha kali na wino mzito kiasi. Andika upande wa ndani wa mwanzi, kwa sababu ganda la nje linateleza na wino haushiki. Herufi zako zilaze, ziwe pana kuliko urefu wake, maana ndivyo makarani wa Han walivyoandika, ingawa mara moja moja waliuachia mstari wa mwisho wa herufi ushuke mrefu.