Ukikwama, sema

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Unauliza: miaka sita unaandika programu, mabenki yanazitumia, iweje hao jamaa wa kampuni ya teknolojia wakuite usaili wa raundi nne, uandike kodi (maagizo ya kompyuta, si ile ya TRA) huku unakodolewa macho? Na ukikwama, unyamaze ufikiri au uombe radhi?

Hilo la kwanza wamelilia wenye majina. Mwaka 2015 Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu ambayo kwa kauli yake wahandisi wengi wa Google walikuwa wakiitumia, alikataliwa na Google hiyohiyo. Akalalamika Twitter kwamba kilichomwangusha ni kupindua ubaoni "mti wa matawi mawili", yaani data iliyopangwa kama mti, kila kituo kikitoa matawi yasiyozidi mawili. Malalamiko yakazunguka dunia. Mti bado unaulizwa. Angalau yale mafumbo ya zamani yamepungua, mara basi la shule linajaa mipira mingapi ya gofu, mara kwa nini mfuniko wa shimo la barabarani ni wa duara. Mwaka 2013 Laszlo Bock, mkuu wa utumishi wa Google, alisema hadharani kwamba hayatabiri chochote.

La pili ndilo limeninyima usingizi, maana kosa ni langu.

Usaili wangu wa kwanza Marekani, kampuni siitaji, nilipewa ubao, kalamu na dakika 45. Nikasimama kimya. Ndivyo nilivyolelewa Tanga, na ndivyo nilivyokulea: mbele ya wakubwa hubwabwaji, unapima, unasema ukiwa na hakika. Dakika kumi za mwisho nikaandika jibu zima bila kufuta hata herufi. Nikatoka kifua mbele. Wiki iliyofuata wakaniambia hapana. Miaka nilinung'unika kwamba ni rangi yangu, ni lafudhi yangu. Labda navyo vilikuwemo.

Baadaye nikaajiriwa kwingine, nikakalishwa upande wa pili wa meza. Msaili pale alitakiwa kuandika ripoti kabla siku haijaisha: msailiwa aliuliza nini kabla ya kuanza, alijaribu njia gani, kwa nini aliiacha. Walioamua hawakuwemo chumbani, walisoma tu ripoti. Siku moja akaja kijana, kimya kama mimi, na jibu akalipata. Nikaangalia karatasi yangu: mstari mmoja. Hakupita. Ningeweza kumuuliza, "Unawaza nini?" Sikumuuliza. Mpaka leo naiona ile alama ya wino kiganjani mwake.

Kwa hiyo ongea. Usitafute ufasaha, ongea kama unavyomwelekeza bodaboda: nyoosha, kata kulia penye duka la dawa, hapana, rudi, hapa hapapitiki. Tuseme umepewa orodha ya namba utafute zinazojirudia. Anza kwa kuuliza: orodha hii imepangwa? Yaweza kuwa tupu? Kisha taja ile njia ya kijinga, ya kulinganisha kila namba na kila nyingine, useme kwamba kwa namba 1,000 ni karibu ulinganisho nusu milioni, ndiyo maana unatafuta njia nyingine. Ukikwama, sema umekwamia wapi. Radhi ya nini?

Halafu kuna ile "tu" yako. Kwenye simu ulinisimulia: "Tuliona mfumo unakata pesa za mteja mara mbili, tukarekebisha." Nani? Nakujua, aliyekesha ni wewe. Amazon wanapenda sana visa vya namna hiyo, na ukisema "tulifanya" watakuuliza wewe mwenyewe ulifanya nini. Kwetu "nilifanya" inanuka majivuno. Siku hiyo iache inuke. Na usidhani ukishaingia yamekwisha, kila ukitaka kupandishwa cheo utaulizwa hilohilo.

Ukipata, usikimbilie mkopo wa kiwanja kwa sababu ya mshahara. Januari 2023 Google ilitangaza kupunguza watu 12,000, Microsoft 10,000, na hao nao walishapita usaili.

Jumamosi baada ya alasiri nipigie kwa video. Nitakuwa msaili, tena mkorofi. Baba yako nimeshamwambia asikanyage chumbani, nakujua utamwangalia yeye akutetee. Uwe na kalamu, na ukinyamaza zaidi ya dakika moja nakata simu.

Mama yako