Kuitwa Mangi, na yule kijana wa dukani

SWALI: Assalaam aleikum Sheikh. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, nina duka Ngarenaro, Arusha. Wateja wote huniita Mangi. Ndugu mmoja msikitini kaniambia ni haramu: mangi ni mfalme, na ufalme ni wa Allah peke yake, tena eti nimekana nasaba yangu. Sina raha. Hata kijana wangu wa dukani, ambaye wateja humwita Kiwete kwa ajili ya mguu wake, ananicheka.

JIBU: Wa aleikumu salaam. Ndugu yangu, lala usingizi. Siku hizi mwenye duka la mtaani ni Mangi tu, awe Mmachame, Mpemba au Mrangi. Aliyekuja kununua kiberiti na robo ya sukari hakusujudii, anangoja chenji yake.

Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inamkemea anayejiita Mfalme wa Wafalme. Mangi kwa Wachaga alikuwa mtawala wa eneo lake: Kibosho na wao, Marangu na wao. Meli wa Old Moshi, hapa kwetu, Wajerumani walimnyonga mwaka 1900. Mfalme wa wafalme gani huyo anayenyongwa? Na kama neno mfalme lenyewe ni haramu, huyo ndugu wa msikitini atasemaje kuhusu Talut, ambaye Al-Baqara aya ya 247 inasema Allah amemteua kuwa mfalme? Watu hawa huokota nusu ya Hadithi wakivaa viatu mlangoni, wakifika barabarani wameshakuwa mamufti.

Nasaba nayo: aya ya "Waiteni kwa baba zao" ilishuka kwa sababu ya Zayd bin Haritha, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad. Wewe hakuna mteja aliyekupa baba mwingine.

Kilichoninyima raha mimi ni sentensi yako ya mwisho, uliyoipitisha kama si kitu. Al-Hujurat aya ya 11 inakataza kuitana kwa majina ya kejeli, na huyo mkosoaji wako hakuiona. Atasema mwanafunzi wa Abu Huraira aliitwa Al-A'raj, yaani kiguru. Kweli. Wanazuoni waliruhusu lakabu kama hiyo kwa kumtambulisha mtu, si kwa kumdhalilisha. Hata hivyo, mwanazuoni wa Hadithi Ismail bin Ulayya hakupenda kuitwa kwa mama yake, Ulayya, na Imam Shafi akawa anasema, "Ismail, ambaye watu humwita Ibn Ulayya."

Utaniambia kijana mwenyewe anacheka. Afanyeje, na riziki yake iko mkononi mwako? Muulize faraghani anapenda aitweje. Kisha mteja akisema "Kiwete, nipimie mchele," wewe mwite kijana kwa jina lake, kwa sauti, duka zima lisikie. Mangi akisema, wateja watafuata.

Na ukiniandikia tena, niandikie jina lake.