Mlete tu, ila usipuuze mchango wa chakula

Dada, umeuliza kama shule za serikali hapa Masasi zitamfaa mwanao anayehamia darasa la tano. Zitamfaa, mlete. Ada hakuna, na hata ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa 2016. Lakini chakula cha mchana ni mchango wetu wazazi, nakuomba usiupuuze. Muhula ambao wangu hakuwa anakunywa uji, daftari lake la hesabu lilijaa maswali aliyoyaacha katikati, usingizi ulimzidi. Halafu Oktoba na Novemba, msimu wa korosho, fuatilia mahudhurio kwa mwalimu wa darasa. Watoto wanapitiliza mashambani kuokota, wengine na sare zao. Uhamisho anza kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka.