Maswali Yenu: Kizazi Kimeshuka, Mgongo Unahusikaje?

Safu iliyopita niligusia, tena kwa mistari miwili tu, kwamba mwanamke aliyeshuka kizazi anaweza kupata nafuu akirekebisha namna anavyosimama, anavyokaa na anavyonyanyua mizigo. Mistari hiyo miwili imeniletea maswali kutoka Mtwara mpaka Kilwa, mengine yameandikwa usiku wa manane watu wa nyumbani wakiwa wamelala. Nimechagua haya. Wengi mnaniita daktari, ila mimi ni mtu wa fiziotherapia. Kazi yangu ni misuli na viungo. Kisu sikishiki na dawa siandiki.

Jioni nikitoka shamba nahisi kama nimekalia yai, na nikijisafisha nagusa kinyama. Shoga yangu anasema nikinyoosha mgongo kitarudi. Ni kweli? (Mama wa watoto sita, Tandahimba)

Shoga yako amepatia nusu, mama. Kizazi, kibofu na sehemu ya mwisho ya utumbo mkubwa vimeshikiliwa na kano kutoka juu na pembeni, na chini vimelazwa juu ya misuli iliyotandazwa toka mfupa wa kinena mpaka kwenye kifandugu. Kifikirie kitanda cha kamba: kamba zikilegea, aliyelala anazama katikati. Zinalegezwa na uzazi, hasa ule wa kusukuma muda mrefu, na kikohozi kisichoisha, choo kigumu, mizigo mizito ya miaka mingi, kisha kukoma hedhi, kwa sababu homoni inayozipa tishu za huko uimara inapungua. Na jioni hali huwa mbaya zaidi kwa kuwa umeshinda wima.

Mkao unaingia kwenye uzito unaotua juu ya hizo kamba. Mwanamke akisimama vizuri, nyonga yake haikai kama bakuli mezani, ingawa picha nyingi za darasani zinatuonyesha hivyo. Imeinamia mbele kidogo, na mfupa wa kinena unakuwa kama kizingiti mbele na chini ya kibofu. Jipime: weka viganja kwenye ile mifupa miwili iliyochomoza mbele ya nyonga, ncha za vidole ziguse mfupa wa kinena. Mikono yako ikisimama wima kama imebandikwa ukutani, upo sawa. Vidole vikisogea mbele kuliko viganja, umekunja makalio chini, kiuno kimekuwa bapa, na tumbo linaegemea moja kwa moja pale palipolegea.

Ila kinyama kilichokwisha kutoka nje hakirudi ndani kwa sababu ya mgongo. Kushuka hupimwa kwa hatua 1 hadi 4, na mazoezi husaidia zaidi hatua za mwanzo. Utafiti mmoja wa wanawake 447 wa Uingereza, New Zealand na Australia, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba waliofundishwa mmoja mmoja kukaza misuli ya nyonga walipungukiwa dalili kuliko waliopewa kijikaratasi cha ushauri. Yalikuwa mazoezi ya misuli, si mkao peke yake. Naeleza hivi asije mtu akakuuzia mkao kama dawa.

Mimi nabangua na kumenya korosho za kuuza. Nashinda nimekaa chini. Kizazi kinanisumbua, lakini mgongo na shingo ndivyo vinavyoniua. Nianze na kipi? (Mikindani)

Anza na makalio, vingine vitafuata.

Niliwahi kumtembelea mama anayefanya kazi kama yako. Alikuwa kwenye jamvi, miguu ameinyoosha mbele, ungo mapajani, uso karibu uguse korosho. Ukimtazama kwa ubavu, mgongo wote ulikuwa umepinda kama ndoana, mbavu zimekalia tumbo. Nikamwomba anyanyuke kidogo, nikakunja gunia tupu mara nne, juu yake khanga, nikamkalisha ukingoni mwa ule mkunjo ili nyonga ziwe juu kuliko magoti, miguu aikunje. Ungo tukauweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sikumwambia anyooke. Alinyooka mwenyewe, kwa sababu nyonga ikikaa sawa uti wa mgongo hauna pa kupinda. Akavuta pumzi, akaniangalia: "Kumbe nilikuwa nimejibana!"

Neno lake lilikuwa sahihi kuliko maelezo yangu. Chini ya mbavu kuna msuli mpana, kiwambo, unaoshuka ukivuta pumzi na kupanda ukiitoa. Misuli ya chini ya nyonga hucheza nao: pumzi ikiingia inashuka kidogo, ikitoka inapanda. Hicho ni kizoezi unachokifanya maelfu ya mara kwa siku bila kukihesabu, ilimradi mbavu zina nafasi ya kufunguka. Ukikaa kibyongo pumzi inaishia kifuani, mabega yanapanda kuisaidia, ndiyo hiyo shingo unayoilalamikia. Hata tumbo la chakula linabanwa, wengine wanapata kiungulia wakadhani ni pilipili. Kwa hiyo gunia moja lililokunjwa linagusa kizazi, kiuno, shingo na pumzi kwa mpigo.

Kigoda? Kizuri kama si kile kifupi mno. Na mbuzi ya kukunia nazi uiongezee khanga juu. Kila baada ya nusu saa simama, hata kama ni kwenda kuangalia jiko tu. Hakuna mkao mzuri wa saa sita.

Huku kwetu maji ni ya kuhangaikia. Kubeba ndoo kichwani kunashusha kizazi? (Newala)

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na ushee. Kama una njia ya kuipunguza, ipunguze: madumu mawili ya lita 10 safari mbili, au umpe kijana mwenye baiskeli. Najua si kila nyumba ina huyo kijana.

Lakini niseme jambo ambalo wengi hawalitegemei: ndoo ikishatulia kichwani, mwili wenyewe unasimama vizuri, maana mwenye kibyongo hawezi kubeba maji. Tatizo liko kwenye kujitwika. Pale unapoinama kisimani, unabana pumzi, unainyanyua toka chini hadi kichwani kwa mkupuo, tumbo lote linasukuma chini. Basi usijitwike, utwishwe. Wazee wetu hawakuliweka neno "nitwishe" bure. Na ukifika nyumbani utuliwe, usijitue mwenyewe.

Usipompata mtu, iweke kwanza juu ya kisiki au ukuta wa kisima. Sogea karibu nayo, kunja nyonga na magoti, mgongo ubaki mrefu. Kabla ya kunyanyua kaza kule chini kama mtu anayezuia mkojo na upepo, kisha nyanyua huku ukitoa pumzi kwa mdomo, fuuu. Mbinu hiyo hiyo ya kukaza kwanza itumie kabla ya kukohoa na kupiga chafya. Wanaovuna mwani na wanaolima kwa jembe la mkono nao wainamie nyonga, wasivunje kiuno. Fagio la chelewa lifungie mti mrefu. Sijui ni nani aliyeamua kwamba ua lazima lifagiliwe na mtu aliyekunjika mara mbili.

Nimejifungua wiki tatu zilizopita. Mama mkwe ananifunga mkaja unaniuma mpaka pumzi inakata, anasema unarudisha kizazi. (Lindi mjini)

Mama mkwe anakupenda, na maji moto na mapumziko anayokupa ni mali. Ila mkaja ukibana katikati ya tumbo, kilichomo kinakwenda juu au chini, na chini ndiko kulikochoka. Muombe kwa adabu aulegeze, aufunge chini zaidi, kuzunguka nyonga, na uweze kuvuta pumzi mpaka mbavu zifunguke na vidole viwili vipite. Sasa hivi kazi yako ni kulala chali au ubavu, kuvuta pumzi taratibu na kukaza kidogo kidogo. Unaponyonyesha, weka mto chini ya mtoto aje kwenye titi, wewe usimwinamie.

Nikienda rukuu na sijida naogopa kitatoka zaidi. Niswali nimekaa? (Kilwa Kivinje)

Sijida, dada, ni kati ya mikao inayopumzisha zaidi: makalio yako juu, kifua chini, uzito wote unaondoka pale panapokuelemea. Wagonjwa wangu nawaambia wakae hivyo dakika chache jioni hata nje ya swala. Kuinuka ndiko kwa kuangalia: toa pumzi unapopanda, usijisukume kwa kubana tumbo. Kuhusu matone ya mkojo na udhu, hilo muulize shehe wako au mke wake. Msifanye aibu, si swali geni kwao.

Niliambiwa nizoee kukata mkojo katikati ninapokojoa ili misuli ikaze. (Masasi)

Mara moja tu, kuijua misuli ilipo. Ukizoea, kibofu hakimalizi mkojo. Zoezi lenyewe lifanye wakati hukojoi: kaza na uvute kwa ndani na juu, hesabu mpaka 10 kama unaweza, achia kabisa, pumzika, rudia hadi mara 10. Mara 3 kwa siku. Makalio, mapaja na pumzi visiingilie. Kuachia ni nusu ya zoezi, wengi wanaisahau. Ifanye ukiwa umekaa wima, kwani ukijikunja misuli hiyo inakaza kivivu. Usihukumu kabla ya miezi mitatu.

Choo kigumu kina uhusiano? (hakutaja alipo)

Sana. Kusukuma kila asubuhi kunabomoa ulichojenga mchana. Kisamvu, mbaazi, papai, maji ya kutosha. Choo cha kuchuchumaa kinafaa. Ukiwa kwenye cha kukaa weka kigoda chini ya miguu na uinamie mbele mgongo ukiwa umenyooka.

Nina miaka 63. Kimetoka nje kama ngumi, kinasugua nguo. Mume anasema ni uzee, nivumilie. (Nachingwea)

Bibi, usivumilie, na usianze na mazoezi yangu. Wewe unahitaji kuonwa. Kuna pete ya mpira inayowekwa ndani kushikilia kizazi, inatolewa na kusafishwa, na kuna upasuaji. Hospitali kama Ndanda, Nyangao, Sokoine ya Lindi na Ligula ya Mtwara ndiko pa kuulizia. Nenda upesi zaidi kama kuna damu, kidonda, uchafu wenye harufu, au mkojo unagoma kutoka. Mkao utakufaa baadaye, kulinda kazi ya daktari.

Na ukifika mapokezi usiseme "tumbo linaniuma", kama wengi wanavyofanya kwa haya, wakarudi na dawa za minyoo. Sema "kizazi kimeshuka, kimetoka nje", na uombe muuguzi wa kike akuangalie.