Congress ya India haikuwa na sauti moja

Ndugu yangu, unauliza kama Congress yote, chama kilichopigania uhuru wa India, ilimgomea Mwingereza Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza 1939. Hapana, walivurugana sana tu. Septemba 3 gavana mkuu Linlithgow anatangaza India imo vitani bila kumuuliza kiongozi yeyote wa Wahindi, hapo ndo moto ukawaka. Nehru, kiongozi mkubwa wa Congress, alimchukia Hitler kweli kweli ila akasema huwezi kuniambia nipiganie uhuru wa Poland wakati mimi mwenyewe sina, tupeni uhuru kwanza. Gandhi yeye hakutaka kumwaga damu kabisa. Subhas Bose, aliyewahi kuwa rais wa Congress, akaona huu ndo wakati wa kumbana mkoloni, akawekwa kizuizini nyumbani kwake Calcutta, Januari 1941 akatoroka usiku kavaa kama Mpathani, mtu wa kabila la mpakani na Afghanistan, mpwa wake anaendesha gari, na mwishowe akafika Berlin. Rajagopalachari, kiongozi mwingine wa Congress, naye akataka waelewane na Mwingereza, 1942 akajitoa chamani.

Wakomunisti ndo wananiuma zaidi, mwanzo waliita vita ya mabeberu, Hitler alipoivamia Urusi Juni 1941 wakageuka wakaiunga mkono, kwa hiyo Agosti 1942 Congress inasema Mwingereza ondoka, alfajiri yake Gandhi na Nehru wanakamatwa, Wakomunisti wakabaki nje ya mapambano. Na huku wanajeshi wa Kihindi zaidi ya milioni 2 wanapigana chini ya bendera ya Mwingereza, jamani, wengi wao vijana wa vijijini waliofuata mshahara.