Uliza Daktari wa Mifugo: Mbuzi wameshachinjwa, sasa tunaomba cheti

Barua za mwezi huu karibu zote zinanuka nyama. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya mbuzi kwenda nchi za Ghuba, kumbe wasomaji mlikuwa mnasubiri hilo. Nimechagua chache zenye maswali yanayojirudia. Nitangulize moja: nimestaafu utumishi wa serikali, kwa hiyo msiniletee fomu nyumbani. Nilizosaini zinatosha.

*Shikamoo Mama Daktari. Mimi nanunua mbuzi kwenye minada ya Longido na Monduli. Nimepata mteja Muscat anayetaka tani moja ya mbuzi kila wiki, wabichi, hawajagandishwa. Nimeshachinja wa mfano kwenye machinjio ya rafiki yangu mtaani, wako kwenye friza. Ofisi ya mifugo wamenikatalia cheti cha afya. Nimwone nani?* — Mfanyabiashara, Arusha

Marahaba mwanangu. Hakuna wa kumwona. Waliokukatalia wamefanya kazi yao, na ningekuwa mimi ningekukatalia hujavuta hata kiti.

Kisome cheti kabla ya kukiomba. Kinaanza hivi: mimi daktari wa mifugo wa serikali niliyesaini hapa chini nathibitisha. Halafu yanafuata anayothibitisha: kwamba wanyama walikaguliwa wakiwa hai ndani ya saa 24 kabla ya kuchinjwa na hawakuwa na dalili za ugonjwa, kwamba walichinjwa kwenye machinjio yaliyoidhinishwa kwa soko la nje, kwamba nyama ilikaguliwa tena baada ya kuchinjwa ikaonekana inafaa kuliwa. Sasa hao mbuzi wa kwenye friza, nani aliwaona wakitembea? Nani alipapasa mapafu na ini yao? Rafiki yako hatoshi, hata awe mcha Mungu namna gani. Wale wa friza kuleni na majirani.

Anza upya, na uanzie Muscat. Mteja wako aende kwenye mamlaka ya kwao aombe kibali cha kuingiza nyama, nacho kitakuja na masharti ya afya yaliyoandikwa. Hayo masharti ndiyo yanayomwongoza daktari wa huku, kwa sababu kila nchi inaogopa la kwake. Wengi hunilalamikia kwamba Waarabu wanasumbua. Wana sababu. Septemba 2000 homa ya Bonde la Ufa ililipuka Jizan, Saudi Arabia, na upande wa pili wa mpaka, Yemen. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa ule kuonekana nje ya Afrika, na watu walikufa. Biashara ya mifugo kutoka Pembe ya Afrika ikafungwa, na waliolia zaidi ni wafugaji ambao hata Jizan hawajui iko wapi. Kwetu huku homa hiyohiyo ilirudi 2006 na 2007. Kwa hiyo mtu wa Ghuba akiuliza mbuzi ametoka wilaya gani, mjibu kwa heshima.

Ukishapata masharti, tafuta machinjio. Huna haja ya kujenga: Longido hapohapo kuna kiwanda cha nyama kilichojengwa kwa soko la nje, na Kibaha kuna kingine. Waulize kama wanachinja kwa mkataba, na kama nchi ya mteja wako imewakubali, kwa sababu idhini ya serikali yetu peke yake haitoshi. Wanunuzi wengi hukagua kiwanda wenyewe. Jisajili Bodi ya Nyama. Maombi ya vibali siku hizi yanapita mtandaoni kwenye mfumo wa Wizara, MIMIS, ukishindwa mwombe kijana wa jirani. Na kila kundi unalonunua mnadani liwe na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa daktari wa wilaya. Hiyo karatasi wafanyabiashara huiona ni ya kumwonyesha polisi barabarani. Kwangu ilikuwa ndiyo karatasi ya kwanza ninayoitazama, kwa sababu inanionyesha mbuzi katokea wapi. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008, na dunia imepanga kuimaliza ifikapo 2030. Ikizuka kwenye kata fulani, minada ya pale inafungwa, na mbuzi wa pale hawaandikiwi cheti hata kama wanarukaruka.

Hesabu nayo uifanye mapema. Mbuzi wetu wa kienyeji akishachunwa na kutolewa matumbo anabaki na kilo 11 hivi. Tani moja ni kama mbuzi 91, na wachache watakataliwa kwa majipu au kwa wembamba. Nunua 100.

Cheti cha halali ni kitu kingine kabisa, kinatolewa na taasisi ya dini, BAKWATA kwa mfano. Mteja wako atavitaka vyote viwili. Daktari hasemi mbuzi kachinjwa kwa jina la nani, na shehe hasemi kama mapafu yalikuwa salama.

*Mama Daktari, shikamoo. Mimi ni daktari wa mifugo, nimeajiriwa serikalini karibuni na kupangiwa kiwanda kinachosafirisha nyama kwa ndege. Ndege inaondoka Jumamosi usiku. Meneja anataka niwe nasaini fomu siku ya Ijumaa, zikiwa bado hazijajazwa idadi na uzito, ili karani amalizie mzigo ukiwa tayari. Anasema ndivyo alivyofanya mwenzangu aliyenitangulia. Sitaki ugomvi, ndiyo kwanza nimefika.* — Daktari kijana, Pwani

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako ndiyo iliyonifanya niandike safu nzima juu ya jambo hili.

Usisaini. Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani zinasema wazi: daktari anasaini cheti kilichojazwa chote, kwa wakati wake, na anathibitisha yale tu anayoyajua mwenyewe au yaliyothibitishwa na mwingine aliyeidhinishwa na mamlaka ya mifugo. Sahihi na mhuri viwe na rangi tofauti na maandishi yaliyochapwa. Ndiyo maana sisi wa zamani tulitembea na kalamu ya bluu mfukoni kama roho. Kukikosewa neno, linakatwa kwa mstari, anayesaini anaweka sahihi na mhuri pembeni. Wino mweupe wa kufutia sikuuruhusu mezani kwangu.

Shirika hilo lina makao Paris na lilianzishwa 1924. Miaka minne kabla, ng'ombe wenye nundu waliotoka India kwenda Brazil walipitishwa bandari ya Antwerp, Ubelgiji, wakaacha sotoka ya ng'ombe pale. Nchi 28 zikakubaliana kuambiana ukweli juu ya magonjwa ya mifugo yao. Sotoka hiyo ya ng'ombe ndiyo iliyowafilisi Wamasai miaka ya 1890, na ilitangazwa kutokomezwa duniani 2011. Mkataba wote ule unasimama juu ya jambo moja, kwamba mtu wa Dubai ambaye hajawahi kukuona anaamini sahihi yako.

Nikueleze niliyoyaona, kiwanda nisikitaje. Karani alikuwa na mtindo wa kuandaa fomu kwa kunakili za wiki iliyopita na kubadilisha tarehe. Siku hiyo akabadilisha moja akasahau nyingine: karatasi ikaonyesha mbuzi wamechinjwa siku moja baada ya ndege kuondoka. Nyama ilikuwa safi, imefungwa vizuri kwenye vitambaa vyeupe, kipima joto ndani ya boksi hakikupita nyuzi 4 safari nzima. Mkaguzi wa nchi ya mnunuzi hakufungua hata boksi la pili. Alisoma tarehe, akasoma hati ya ndege, akaweka kalamu chini. Simu zilipigwa usiku kucha, mpaka ya balozi ikatafutwa. Mzigo wote uliteketezwa kwa gharama ya mwenye mali. Halafu nchi ile ikawa inafungua kila boksi la kiwanda kile kwa muda mrefu, na nyama mbichi ikikaa uwanjani inasubiri kufunguliwa unajua mwenyewe inavyokuwa.

Kwa hiyo mweleze meneja kwa lugha ya fedha. Mwambie: Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa kwenye chumba baridi, nitahesabu na karani wako, nitalinganisha namba ya kiwanda kwenye mhuri wa nyama na ile ya kwenye karatasi, halafu nitasaini hapohapo. Ukienda wewe mwenyewe Jumamosi, kinyongo chake hakina pa kushika. Mshahara wako unatoka serikalini hasa kwa sababu hii, usije ukaanza kupokea mapaja ya mbuzi ya Idd kwake. Akiendelea kukubana, mwandikie mkuu wako, barua fupi, nakala ubaki nayo. Na huyo aliyekutangulia usimseme vibaya, hukuwepo.

*Daktari, salaam. Ng'ombe wangu kumi walichinjwa kiwandani wakiwa wazima kabisa, mkaguzi wa nyama akapiga mhuri. Kesho yake nikaambiwa nyama haifai kwa soko la nje kwa sababu pH ni 6.3, iuzwe hapa nchini. Kama haifai kwa mgeni, mimi Mtanzania nitailaje?* — Mfugaji, Rukwa

Kula nyama yako bila hofu. Hakuna aliyesema nyama yako ni mbovu. Mhuri wa mkaguzi unamlinda mlaji. Ile pH, yaani kipimo cha asidi kwenye nyama, inawalinda ng'ombe wa nchi ya mnunuzi dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, ambao binadamu haumsumbui lakini ukiingia nchi isiyokuwa nao unaweza kuwalazimu kuua maelfu ya mifugo.

Ng'ombe akichinjwa, sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli inageuka kuwa asidi. Asidi hiyo ikishusha pH chini ya 6, virusi vya ugonjwa huo vinakufa kwenye mnofu. Kanuni inataka nyama ining'inie saa 24 zisizopungua kwenye joto linalozidi nyuzi 2, kisha ipimwe katikati ya mnofu mrefu wa mgongo, kushoto na kulia. Asidi haifiki vizuri kwenye mifupa na kwenye tezi, ndiyo maana vyote hutolewa kabla nyama haijafungwa.

Nilikuwa nachoma ncha ya kipimo ndani ya mnofu, nasubiri namba zitulie, naifuta kwa maji safi, nahamia upande wa pili. Ng'ombe aliyepumzika hunipa 5.6 au 5.7, nyama nyekundu inayong'aa kidogo. Wako nadhani walikuwa na nyama nyeusinyeusi, kavu, inayonata kidoleni. Niambie kama nimekosea: waliswagwa au walisafirishwa usiku kucha, wakashushwa alfajiri, wakachinjwa asubuhi. Ng'ombe aliyechoka, aliyegombana na wenzake garini, sukari yake imekwisha kabla hajafika kwa mchinjaji, na bila sukari hakuna asidi. Safari ijayo wafike jana yake. Wapewe maji na kivuli, na wasichanganywe na kundi geni. Fimbo ibaki kwenye gari. Na kama yeyote kati yao alichomwa dawa ya antibayotiki, soma kwenye kibandiko cha chupa siku za kusubiri, uzihesabu kabla ya safari. Mabaki ya dawa hayapungui kwa kuning'iniza nyama.

*Mama, mimi nakusanya ngozi za ng'ombe na mbuzi, nazipaka chumvi. Cheti cha ngozi kinadai nini?* — Mkusanyaji, Shinyanga

Inategemea unauza ngozi ya namna gani. Ngozi ghafi kutoka nchi zenye ugonjwa wa miguu na midomo, kanuni ya kimataifa inataka ikae kwenye chumvi iliyochanganywa na magadi soda asilimia 2, kwa siku 28 zisizopungua. Andika tarehe ya kuanza kwenye kila rundo, kwa rangi, daktari akija aione. Ukichanganya ngozi za leo kwenye rundo la mwezi uliopita, rundo zima linaanza kuhesabiwa leo. Ngozi ikishapita kiwandani ikawa weti bluu, yaani imetiwa dawa ya kiwandani ila bado haijakaushwa, habari ya virusi imekwisha na cheti chake ni kifupi. Na kwa jinsi ushuru wa ngozi ghafi ulivyo mkubwa, ningekuwa wewe ningeziuza kwa mwenye kiwanda hapahapa.

*Dada Daktari, nakuja Dar mwezi ujao. Naomba kujua nikipata cheti cha afya naweza kurudi Ujerumani na nyama ya kukausha, samli, dagaa na asali ya Tabora?* — Msomaji, Hamburg

Karibu nyumbani. Nyama na samli, hapana, hata upate cheti chenye sahihi tano. Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kuingia na nyama wala maziwa na mazao yake kutoka huku, hata kipande cha kula njiani. Hufiki hata kwenye habari ya cheti. Forodha watavichukua, na usipovitaja unaweza kupigwa faini.

Asali unaruhusiwa hadi kilo 2. Samaki, wakiwemo dagaa waliokaushwa, hadi kilo 20, kwa matumizi yako mwenyewe. Ukitaka kuuza madukani Hamburg, hapo tunarudi kwenye vyeti, na kwa dagaa utawaendea watu wa Uvuvi. Asali ifunge isivuje kwenye sanduku, na dagaa watie mifuko miwili, maana abiria wenzako nao wana pua.