Maswali ya Wasomaji: Vali ya Usalama ya Kichwa Kidogo cha Treni ya Mvuke

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua kichwa kidogo cha treni ya mvuke kilichokwisha kutumika, cha reli yenye upana wa milimita 45, kinachochemsha maji kwa gesi. Presha yake ya kazi ni bar 2.8, lakini vali ya usalama huanza kuvuja geji (kipimo cha presha) ikiwa bado kwenye bar 2. Mwenzangu amenishauri nikaze skrubu inayobana springi. Je, nifuate ushauri huo?
Msomaji, London, Uingereza

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usikaze. Springi ndiyo inayoamua ni presha gani itakayoinua gololi, yaani kitufe cha mviringo kinachoziba tundu la mvuke, kutoka kwenye siti yake, yaani ukingo wa tundu inapokaa. Kwa hiyo ukiibana ili kuzima uvujaji uliosababishwa na uchafu, uchafu utabaki palepale na kiwango cha kufunguka kitapanda bila wewe kujua kimefika wapi. Ukiendelea kukaza mpaka mizunguko ya springi igusane, vali haitaweza kuinuka kabisa, na moto utakuwa unaichochea boila isiyo na pa kutolea mvuke. Kwenye bar 2.8 maji huwa na joto la nyuzi 142 hivi za Selsiasi, na boila ikipasuka sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Tarehe 17 Juni 1831, huko South Carolina, Marekani, kichwa cha treni kilichoitwa Best Friend of Charleston kililipuka baada ya mchochea moto, aliyekerwa na mlio wa mvuke, kuizuia vali isifunguke, naye akapoteza maisha. Desturi hiyo ya kuzibana vali haikukoma upesi, hata katika miaka ya 1850 mhandisi Mwingereza John Ramsbottom akabuni vali ambayo dereva hakuweza kuichezea ili kuongeza presha.

Kabla ya kuigusa vali, ihakikishe geji. Geji ndogo za modeli hupotoka kwa urahisi, na inawezekana kabisa kwamba yako inasoma bar 2 wakati presha halisi imeshafika 2.8, hapo vali haina kosa, na kuikaza kungekuwa kuipeleka boila mahali ambapo haikuundwa kufika. Ilinganishe na geji kubwa inayoaminika, ikiwezekana kwenye klabu ya modeli iliyo karibu nawe.

Geji ikiwa sahihi, subiri boila ipoe kabisa, kisha uifungue vali kwa spana inayoikaa barabara na kuitengua juu ya sahani nyeupe, kwa kuwa gololi ikidondoka sakafuni ni shida kuipata. Kabla ya kulegeza skrubu, pima urefu wake uliojitokeza na uuandike. Maji ya bomba ya London yana chokaa nyingi, na bila shaka utakuta magamba meupe kwenye siti. Loweka sehemu za chuma katika siki au asidi ya sitriki iliyozimuliwa mpaka magamba yalainike, kisha uzisuuze vizuri. Usipitishe msasa kwenye siti, kwa maana mkwaruzo mmoja unatosha kuruhusu mvuke upite daima. Gololi yenye vidoa ibadilishwe na mpya ya chuma kisichoshika kutu. Baadhi ya vali hutumia pete ya mpira badala ya gololi; pete hiyo isilowekwe kwenye asidi, na ikiwa imekauka au imeganda kwenye siti baada ya kukaa kabatini muda mrefu, iwekwe nyingine inayostahimili joto.

Ukiirudisha vali, anza na springi ikiwa imelegea kuliko ilivyokuwa, uwashe moto, uone inafunguka kwenye presha gani. Kisha ushushe presha, ukaze kidogo na kurudia mpaka ifike bar 2.8, bila kuinamisha uso juu yake wakati wowote. Tangu hapo tumia maji yaliyokenekwa au maji safi ya mvua, wala usiijaze boila hadi juu, kwa sababu maji yakirukia kwenye vali huanzisha magamba upya.

SWALI: Kichwa changu cha reli ya inchi 5 kinatumia makaa ya mawe. Vali hufunguka kwenye presha iliyokusudiwa, lakini presha huendelea kupanda. Je, springi imechoka?
Msomaji, Birmingham, Uingereza

JIBU: Hapana, springi iliyochoka ingefungua mapema. Vali yako haitoi mvuke kwa kasi ambayo moto unauzalisha. Kwenye ukaguzi wa klabu za Uingereza, moto huchochewa kwa nguvu zote, na presha hairuhusiwi kuzidi ile ya kazi kwa zaidi ya asilimia 10. Angalia kama matundu ya kutokea mvuke yamezibwa na chokaa, au gololi haina nafasi ya kutosha ya kupanda. Ikiwa yote ni safi, vali ni ndogo mno kwa boila hiyo na inahitaji kubadilishwa au kuongezewa ya pili. Moto wa makaa hauzimwi kwa kufunga bomba kama wa gesi, kwa hiyo ikikutokea tena, funga kipulizio cha moto, ingiza maji kwenye boila kwa pampu ikiwa maji bado yanaonekana kwenye kioo cha kuonyesha kiwango cha maji, kisha uondoe makaa. Mpaka mkaguzi wa klabu aione vali ikiishika presha, usikiwashe kichwa hicho.